Kabla Hujasema Mawazo

Kwa miaka miwili niliambiwa kuwa ninaumwa mawazo. Moyo ulinienda kama ngoma iliyoachiwa mtoto, pumzi zikanipaa nikipanda vidaraja vitatu tu, na kila nilipokwenda kulalamika jibu lilikuwa lile lile: "Mzee, punguza mawazo." Ndugu zangu nao wakanitajia watu wa kuwasamehe. Nikawasamehe wote. Moyo haukutulia.

Siku moja muuguzi mtu mzima aliniwekea vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono, akaitazama saa yake dakika nzima. Akasema, "Baba, mapigo haya hayana mpangilio." Kipimo cha umeme wa moyo kikathibitisha: vyumba vya juu vya moyo wangu vinatetemeka tu badala ya kusukuma damu.

Ndugu msomaji, ugomvi wangu uko hapa. Damu isiyosukumwa vizuri hutuama, na iliyotuama huganda. Donge likichomoka huweza kufika kwenye ubongo, nacho ndicho kiharusi. Mwenye moyo wa namna hii yumo katika hatari ya kiharusi ipatayo mara 5 ya ile ya mwenziwe. Mtu huyo ndiye tunayemwambia apunguze mawazo! Siku akianguka, tunasema amepigwa na upepo mbaya, au jirani kamroga.

Nitajibiwa kwamba hatuna mashine. Ni kweli, zahanati nyingi hazinazo. Lakini vidole haviagizwi ng'ambo. Willem Einthoven wa Uholanzi alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924 kwa kuvumbua namna ya kupima umeme wa moyo. Kushika mapigo ya mkono ni elimu ya kale kuliko hiyo. Dakika moja yatosha kumtia mtabibu shaka, na shaka hiyo ndiyo inayoandika barua ya rufaa.

Nitajibiwa pia kwamba huu ni ugonjwa wa wazee wa Ulaya. Si hivyo. Kwetu wamo hata vijana, ambao vali za mioyo yao ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi, iliyoanzia kwenye maumivu ya koo ya utotoni yasiyotibiwa.

Wala sisi wagonjwa tusijitakase. Ninameza warfarini kila jioni, na hupimwa damu ili kuhakikisha kwamba kile kipimo cha INR kiko kati ya 2 na 3. Hata hivyo niliwahi kuiacha dawa majuma mawili, eti kwa kuwa nilijisikia mzima. Ulikuwa ujinga ule ule ninaoulaumu kwa wengine. Siku hizi sinunui ovyo vidonge vya maumivu dukani, maana huweza kumtoa damu mtu wa dawa hii. Mchicha sikuuacha, naula kwa kiasi kile kile kila juma, kwani ukizidi ghafla huipunguzia dawa nguvu.

Siombi huruma. Nimekwisha kuzoea kulala na mgeni huyu kifuani. Ninachodai ni dakika moja. Wewe mtabibu, kabla hujatamka neno mawazo, shika mkono wa mgonjwa. Nawe msomaji, ukifunga kitabu hiki, kashike wa mama yako.