Hodhi la Kioo ni Kitalu cha Kambale

Mvua za kwanza zinyeshapo, watoto wa shule huokota vikambale katika madimbwi wakavileta nyumbani ndani ya chupa au debe. Kwa siku mbili tatu jamaa yote hufurahi kuvitazama. Kisha asubuhi moja vyaonekana chali juu ya maji, na lawama huangukia maji mabaya, au hata jicho la jirani. Kumbe mara nyingi samaki amekufa kwa kukosa pumzi, tena katika chombo kilichojazwa maji mpaka kwenye kifuniko.

Kambale (wa Tanzania husema kambare) ana matamvua kama samaki wote, lakini juu yake ana kiungo kingine chenye matawi kama kijiti, ambacho kwacho huvuta hewa ile ile tuivutayo sisi. Ndiyo sababu huishi katika tope ambamo samaki wengine hufa, na usiku wa mvua huweza kutoka dimbwi hili kwenda lile akijisukuma kwa miiba ya mapezi yake. Lakini akizuiwa kufika juu ya maji, huzama akafa kama mtu. Basi juu ya maji iachwe nafasi ya hewa ya shibiri moja, na juu yake wavu uliokazwa vema, maana usiku atajaribu kutoroka.

Mwingereza William Burchell ndiye aliyemwandika samaki huyu katika vitabu vya elimu mwaka 1822, akampa jina la mto Gariep wa Afrika ya Kusini, ambao wengine huuita Orange. Tangu huko anapatikana katika Kongo yetu na katika mto Nili, mpaka Bahari ya Galilaya yenyewe. Hana magamba, na Sheria ya Musa ilikataza samaki wa namna hiyo. Kwa hiyo wafafanuzi wengi wa Injili hudhani kwamba kambale alikuwamo kati ya samaki waliotupwa katika mfano wa wavu. Kuna wenzetu wa madhehebu mengine wasiomla hata leo. Sisi Wakatoliki twakumbuka maono ya Mtume Petro kule Yopa, nasi humla Ijumaa kwa amani.

Sasa tuseme wazi: kambale mzima hafai kukaa katika hodhi la kioo sebuleni. Hukua hata kupita meta moja, na kumfungia katika kioo cha urefu wa mkono ni kumtesa. Mtu atakaye samaki wa kutazamwa tu, ndugu zake wadogo wako. Katika mito ya bonde la Kongo yuko Synodontis nigriventris, asiyepita sana urefu wa kidole, ambaye huogelea tumbo likiwa juu. Nalo tumbo lake ni jeusi kuliko mgongo, kinyume cha samaki wengine. Na katika Ziwa Tanganyika, ambako njia ya reli ya Kamina huishia Kalemie, yuko Synodontis multipunctatus, mwenye madoa kama chui. Huyo ni mlaghai. Samaki wengine wa ziwa hilo hulea mayai yao kinywani; yeye huchanganya yake humo, na watoto wake wakisha kuanguliwa huwala watoto wa mwenye kinywa. Mjapani Tetsu Sato ndiye aliyelieleza jambo hilo mwaka 1986.

Hodhi la kioo, au beseni tu, lina kazi nyingine iliyo kubwa zaidi: kuwa kitalu. Nanyi watu wa Haut-Lomami mwajua sababu. Pale Sanga, kando ya Ziwa Kisale, wachimbuzi wa mwaka 1957 na 1958 walikuta makaburi ya watu waliokaa huko zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, nao walikuwa wavuvi. Tangu siku za migodi, samaki mkavu wa Kisale na Upemba amelisha miji ya Katanga. Lakini kambale hutaga mvua inapoanza, usiku, katika majani yaliyofunikwa na mafuriko, na ndipo watu humngojea kwa nyavu na mikuki. Jike mmoja aliyejaa mayai huchukua makumi ya maelfu ya mayai tumboni. Akiuawa mlangoni mwa mafuriko, yote huishia chunguni.

Anayefungiwa nyumbani aweza kujaa mayai, lakini kwa kawaida hayatoi, kwa sababu mafuriko hayamjii. Mwaka 1974 wataalamu de Kimpe na Micha walitoa maelekezo ya kwanza ya kufuga kambale katika Afrika ya Kati, na tangu hapo njia imenyoshwa. Huchukuliwa kambale mwingine mzima, na chini ya ubongo wake hutolewa tezi ndogo nyeupe. Tezi husagwa katika maji safi yenye gramu 9 za chumvi kwa lita moja, na jike hudungwa sindano ya maji hayo katika nyama ya mgongo. Maji yakiwa na joto la digrii 25, baada ya kama saa 11 mayai hutoka kwa kumkamua tumbo taratibu. Dume hakamuliki, hana budi kuchinjwa, manii yake yakamuliwe juu ya mayai, kisha maji kidogo, na kukoroga kwa unyoya muda wa dakika moja. Kazi hii haimfai mtoto peke yake. Awepo mwalimu au mtu wa mifugo aliyekwisha kuifanya.

Mayai hunata. Yatandazwe juu ya chandarua safi, safu moja tu, penye maji yanayotembea polepole. Yanayogeuka meupe yamekufa, yaondolewe kabla hayajaoza. Katika digrii 25 huanguliwa baada ya saa 30 hivi. Baridi huchelewesha yote, na usiku wa Juni na Julai katika nyanda zetu si wakati wa kujaribu.

Siku tatu za kwanza watoto huishi kwa kiini cha yai walichozaliwa nacho, wakijificha gizani. Baada ya hapo wataka kula, tena mara nyingi kwa siku: vidudu vya maji vilivyochujwa kwa kitambaa kutoka kidimbwi kilichotiwa samadi ya mbuzi. Kiini cha yai la kuku hufaa kidogo, lakini huchafua maji upesi. Kwa muda wa wiki mbili hivi bado hawawezi kuvuta hewa, kwa hiyo maji mabovu huwaua wote kwa usiku mmoja.

Wakisha kuvuta hewa, adui wao ni ndugu zao. Mama hakuwalea, na baba hakujua wamezaliwa. Mkubwa humshika mdogo kwa kichwa akammeza. Mfugaji asiyewatenga kwa ukubwa kila wiki huanza na mia tano akabaki na kumi walionona. Beseni tatu zatosha: wakubwa, wa kati, wadogo.

Wafikapo urefu wa kidole, watolewe kiooni waende bwawani, katika bwawa lililozungushiwa ukingo mrefu wasitoroke. Wasimwagwe kamwe katika mto ambamo kambale huyu hakuwamo; huko Brazil na Uhindi waliotoroka wamewala samaki wenyeji. Na wa kwanza kuvuliwa wawe wale wakubwa walao wenzao, ambao baada ya miezi sita hivi huwa wametosha chungu cha jamaa.