Mtoto akijiunga na timu ya kuogelea, nyumba nzima imejiunga

Kila mwaka baridi ikishapungua na miti ikianza kuchipua huku Maryland, akina mama wa Kitanzania na wa Kikenya ninaofahamiana nao huanza kuulizana: mtoto nimwandikishe timu ya kuogelea au nimwache? Wamewaona watoto wa jirani wakipita asubuhi na taulo begani, na wa kwao ameshaanza kudai. Jibu langu ni lile lile. Mwandikishe. Ila ujue kwamba jina litakaloandikwa ni la mtoto, kazi itakuwa ya nyumba nzima. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na hapa anayeyavulia nguo si mtoto peke yake.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, mama wa watoto wawili walioogelea timu ya mtaani kwetu hapa Silver Spring, na kazi yangu ni zamu za usiku katika nyumba ya kutunza wazee. Naandika hasa kwa familia za kwetu zilizoko Marekani, ingawa nina neno pia na walioko pwani nyumbani.

Timu hizi ni za mabwawa ya mitaa, na uhai wake ni wa majira ya joto tu. Mazoezi huanza mwisho wa Mei mabwawa yanapofunguliwa, na Julai ikiisha msimu umekwisha. Kaunti yetu ya Montgomery ina ligi iliyoanza mwaka 1958, leo ina timu zipatazo 90, zimepangwa kwa madaraja ya timu sita sita. Timu yako hukutana na nyingine tano za daraja lake, Jumamosi hii kwenu, ijayo kwao, kisha daraja zima hushindana pamoja. Katie Ledecky, aliyechukua dhahabu ya mita 800 London mwaka 2012 akiwa na miaka 15, alianzia kwenye ligi hii hii, katika bwawa la mtaani kwao la Palisades, akiwa mtoto wa miaka sita. Namtaja ili mwone ligi yenyewe ina uzito gani, na hapo hapo nawaomba wazazi wasianze kuhesabu medali. Watoto walio wengi wanaogelea msimu wao, wanapata marafiki, shule zikifunguliwa wanarudi darasani.

Wiki za mwanzo ni ngumu. Shule hazijafungwa, kwa hiyo mazoezi ni ya jioni, na maji ya mwisho wa Mei huku ni ya baridi kweli kweli. Binti yangu alikuwa akitoka midomo imebadilika rangi, meno yanagongana, na jibu lake kila nikimuuliza kama anaendelea lilikuwa kuitikia kwa kichwa tu, maana kusema hawezi. Kesho yake alirudi. Mdogo wake alilia ukingoni siku nyingi kuliko alizoogelea, na kocha, msichana wa chuo aliyekulia katika timu hiyo hiyo, alikaa naye miguu majini mpaka siku alipoingia mwenyewe. Usimvute mtoto, wala usimtoe kwa sababu amelia. Waachie makocha, wameshaona machozi mengi ya mwezi wa Mei.

Jambo la kuuliza mapema ni kipimo cha kuingia. Timu nyingi zinataka mtoto aweze kuvuka bwawa la mita 25 bila kushika kamba, kwa mtindo wowote, hata wa kuhangaika. Asiyeweza huwekwa kundi la matayarisho kama lipo, au huambiwa akasome kuogelea kwanza. Timu haifundishi kuelea. Hunyoosha mikono na miguu ya mtoto ambaye tayari haogopi maji. Mzazi asiyelijua hili humleta mtoto siku ya kwanza, akarudishwa mbele ya wenzake, na aibu ile huchukua mwaka mzima kumtoka.

Sasa Jumamosi. Ukiambiwa mashindano ni asubuhi, elewa kwamba watoto wanapasha misuli saa mbili, yanaanza saa tatu, na ukirudi nyumbani ni mchana wa jua kali. Wazazi wazoefu wanafika mapema kuwahi kivuli, wanakunjua viti, wanafunga turubai. Mtoto anachorwa mkononi kwa kalamu ya maka: namba ya shindano, namba ya kundi, namba ya njia, ili mtu yeyote mzima akimkuta anazurura asome mkono na kumpeleka panapostahili. Wadogo wa miaka minane kushuka chini wanapangwa kwenye mabenchi nyuma ya bwawa, safu kwa safu, na kila kundi likiruka majini safu zinasogea mbele. Hapo utawaona wakilamba unga mkavu wa jeli kutoka kwenye pakiti, vidole na ndimi vimekuwa vyekundu au kijani. Wote wanafanya hivyo, na nimeacha kuuliza. Kisha king'ora kinalia, mwanao anaruka, anavuka mita 25, dakika haijaisha ametoka. Umekaa tangu alfajiri kwa ajili ya dakika ile, na zikitimia mbili tatu kwa siku nzima ameogelea sana. Ngurumo ikisikika, wote nje ya maji, na mnasubiri nusu saa tangu ngurumo ya mwisho. Ikinguruma tena, saa inaanza upya.

Mzazi wa kwetu akiliona hili mara ya kwanza hujiuliza kwa nini apoteze muda hivi. Jibu liko ukingoni mwa bwawa, na ndilo hasa lililonifanya niandike.

Tazama ni nani anayeendesha siku ile. Makocha ndio pekee wenye posho, na wengine wote ni wazazi. Mwamuzi aliyevaa fulana nyeupe ni baba wa mtu. Anayepiga king'ora, anayetazama namna watoto wanavyogeuka ukutani, anayepanga wadogo kwenye mabenchi, anayeingiza matokeo kwenye kompyuta, anayechoma nyama kwenye kibanda cha chakula, wote wana watoto humo majini. Kila njia ina watu watatu wenye saa za kushika muda, na muda unaoandikwa ni ule wa katikati. Bwawa lina njia sita. Piga hesabu: kabla hujaweka mwamuzi hata mmoja, tayari unahitaji watu wazima 18 wa kushika saa tu. Ndiyo maana fomu ya kujiunga inakutaka ujiandikishe zamu za kujitolea, na usipojiandikisha utapigiwa simu.

Watu wetu wengi hukaa nyuma kabisa chini ya mti, wanatazama kwa mbali, wanaondoka mtoto akishamaliza. Sababu nazijua. Mtu ametoka zamu ya usiku. Mwingine anaona lugha yake haijanyooka, mwingine anahisi kazi zile zina wenyewe. Lakini kushika saa hakuhitaji Kiingereza cha redio. Unafundishwa kwa dakika chache: tazama mwanga wa king'ora, bonyeza, mtoto akigusa ukuta, bonyeza, soma namba. Mimi hutoka kazini saa moja asubuhi, nakwenda moja kwa moja, nachukua zamu ya nusu ya kwanza, kisha nalala kwenye kiti. Mume wangu huja nusu ya pili. Ukisimama kichwani mwa njia ya nne na saa mkononi, unamwona kila mtoto wa timu zote mbili akitoka majini anahema, na wa kwanza kumwambia hongera ni wewe. Wazazi wawili uliosimama nao wanakuwa watu unaowajua kwa majina. Mwaka ambao mume wangu alilazwa, waliokuwa wakiwachukua watoto wetu mazoezini na kuwarudisha walikuwa hao wa njia ya nne. Kwa watu tuliowaacha shangazi na wajomba ng'ambo ya bahari, hilo ni jambo kubwa.

Mtoto atafutiwa matokeo. Hili litamkuta, hasa kwenye mtindo wa chura na wa kipepeo, ambako mikono miwili lazima iguse ukuta pamoja. Mtoto wa miaka tisa, akimwona mwenziwe pembeni, hurusha mkono mmoja ili awahi, na mwamuzi ananyanyua mkono wake. Binti yangu alikuwa wa kwanza kufika siku moja, kumbe amegusa kwa mkono mmoja, utepe ukaenda kwa mwingine. Usimfuate mwamuzi. Mwache kocha amwonyeshe kosa lake, na Jumatatu utamkuta anagusa ukuta wa jikoni kwa mikono miwili. Kinachohesabiwa katika timu hizi ni muda wake wa leo dhidi ya wake wa wiki iliyopita, na timu nyingi hutoa zawadi kwa aliyejipunguzia sekunde hata kama ameshika mkia.

Kuna mambo ya kwetu ambayo karatasi za timu hazitaji. Nywele kwanza. Klorini inakausha nywele za watoto wetu mpaka zinakatika. Zilowanishe kwa maji safi kabla hajaingia ili zisinywe ya bwawa, paka mafuta, suka mistari ya kulala ya msimu mzima, juu yake kofia, na akitoka zioshwe siku hiyo hiyo. Rasta ndefu haziingii kwenye kofia ya kawaida. Mwaka 2021 shirikisho la kimataifa la kuogelea lilikataa kofia kubwa za Soul Cap, zilizotengenezwa kwa ajili ya nywele kama hizi, zisitumike kwenye mashindano yake. Mwaka 2022 likaziruhusu. Pili ni stara. Binti anayejisitiri asikae nyumbani kwa ajili hiyo, bali mzazi azungumze na kiongozi wa timu kabla ya mashindano ya kwanza, amwonyeshe vazi lenyewe, apate jibu mapema. Mazungumzo ya ukingoni siku ya Jumamosi, mtoto amesimama katikati anasikiliza, yanamuumiza.

Na gharama nisizifiche. Uanachama wa bwawa ni mzigo, ada ya timu huwa ndogo kuliko huo, kisha vazi, miwani, kofia. Mabwawa ya serikali za mitaa ni nafuu zaidi na baadhi yana timu zake. Uliza kuhusu punguzo, tena uliza kwa maandishi. Asiyeuliza hupewa bei kamili.

Lakini gharama hizo zisikurudishe nyuma, maana watoto wetu wakiwa hapa Marekani wanahesabiwa weusi, na maji ya nchi hii yana historia. Juni 1964, mjini St. Augustine, Florida, meneja wa moteli alimwaga asidi katika bwawa ambamo weusi na weupe walikuwa wameingia pamoja kudai haki. Mabwawa mengi yalikuwa marufuku kwa weusi, na wazazi wasioruhusiwa kuogelea hawakuwa na cha kuwafundisha watoto. Mwaka 2017 mfuko wa chama cha kuogelea cha Marekani ulitoa utafiti uliosema asilimia 64 ya watoto weusi hawajui kuogelea au wanajua kidogo sana, na kwamba mzazi akiwa hajui, uwezekano wa mtoto kujifunza ni asilimia 19 tu. Namba ile ya 19 ilinisimamisha, kwa sababu mimi sijui kuogelea. Nimezaliwa hatua chache kutoka baharini. Kaka zangu walipiga mbizi ufukweni Raskazone, sisi wasichana tuliingia na khanga hadi magotini na kuitwa turudi.

Si Tanga tu. Wanawake wengi wa pwani yetu wanapanda boti na majahazi hawajui kuelea hata kidogo, na wanaosafiri Unguja na Pemba hawajaisahau meli ya Spice Islander iliyozama Septemba 2011. Mwaka huo huo kule Nungwi, Unguja, ulianza mradi wa Panje, unaowafundisha wasichana kuogelea wakiwa na mavazi ya kuwasitiri mwili mzima. Wazazi waliokuwa na shaka waliona stara imehifadhiwa na binti yuko salama. Kazi ile inastahili kuigwa mji kwa mji.

Kwa hiyo kwenu mlio nyumbani. Mashindano ya watoto kwetu yamebaki kwenye shule za ada kubwa zenye mabwawa, na tunasema hatuwezi kwa kuwa bwawa ni ghali. Hapa nimejifunza kwamba kinachobeba timu ni watu wazima wanaokubali kutoa Jumamosi yao. Bahari tunayo. Shule mbili za msingi za Tanga zinaweza kukutana siku za maji mafu, mkondo umepoa, kamba na maboya yamefungwa pale maji yanapofika kifuani mwa mtoto, wavuvi na wazamiaji wanaoijua bahari ile wamesimama ndani ya maji na mitumbwi iko tayari, wazazi wameshika saa ufukoni. Mafunzo ya kuelea na kuokoa yaanze kwanza, miezi kadhaa kabla, na wasichana wawe nusu ya timu tangu siku ya kwanza. Mwenye shule atakayekubali kuanza, saa za kushika muda nitazibeba mimi Desemba nikija.