Ng'ombe Asiye na Nundu

Kumeenea katika miaka ya karibuni aina moja ya mchoro ambayo sasa humlaki mtu kila apitapo. Ni uso wa mwanamke uliochorwa kwa mstari mmoja mwembamba, macho yamefumbwa, shingo imerefushwa, na nywele zimegeuka jani au ua. Umo katika kuta za mikahawa ya mjini, umo katika fulana na mifuko, umo katika kadi za harusi, na, la kusikitisha zaidi kwa wapenzi wa tungo, umeanza kuvamia majalada ya diwani. Ikiulizwa uso huo ni wa nani, hapana ajuaye. Ikiulizwa ni wa wapi, jibu ni kuwa ni wa popote. Watetezi wake huuita sanaa ya uchache, na hudai kwamba anayeukosoa hajui uzuri wa kuacha.

Dai hilo halina budi kupingwa, tena hadharani, kwa kuwa linatumia neno zuri kufichia jambo baya. Uchache na upungufu ni vitu viwili mbalimbali. Mwenye uchache alikuwa na vingi, akachagua. Mpungufu hakuwa na cha kuchagua. Mtunzi wa shairi la mizani kumi na sita hupata mshororo wake baada ya kuyapima maneno mengi na kuyaacha yasiyostahili. Anayelifahamu jambo hilo katika tungo angetarajiwa kulifahamu katika mchoro pia. Cha ajabu ni kwamba watu wale wale wanaomdai mtunzi chipukizi hesabu ya kila silabi huupokea mchoro wa jalada bila ya kuuliza swali hata moja.

Haki itendeke kwanza kwa chombo, maana wako wazee wa sanaa waliokwisha kuihukumu kompyuta kabla ya kuifungua. Picha ya kawaida ya kompyuta ni mkusanyiko wa vidoti vya rangi, na ikikuzwa kupita kiasi huchakaa machoni. Mchoro wa vekta hauhifadhi vidoti. Huhifadhi nukta chache pamoja na kanuni ya hesabu ya kuziunganisha, na kwa sababu hiyo hubaki mkali uwe mdogo kama stempu au mkubwa kama ukuta. Hesabu hiyo ilitoka katika viwanda vya magari vya Ufaransa. Paul de Casteljau aliifikia akiwa Citroën mwaka 1959. Pierre Bézier wa Renault akaifikia kwa njia yake na kuitangaza katika miaka ya 1960, na jina lake ndilo lililobaki. Kila kipande cha mpindo kina nukta mbili za mwisho na vishikio viwili vinavyouvuta huku na huku, na mchoraji husogeza hivyo mpaka mstari ulale anavyotaka. Adobe Illustrator iliifikisha hesabu hiyo mikononi mwa wachoraji mwaka 1987, na tangu mwaka 2003 ipo Inkscape, ambayo haitozwi hata senti moja. Kijana mwenye kompyuta kuukuu leo ana uwezo wa kushika chombo kisichopitwa kwa mengi na kile cha mchoraji wa Paris.

Wala fikra ya kuujenga mstari kwa nukta si ngeni kwa watu wa mwambao. Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940, ndiye anayetajwa kuwa aliiwekea khati ya Kiarabu vipimo vyake: nukta ya kalamu ikawa kipimo, alifu ikapimwa kwa nukta, na herufi nyingine zikapimwa kwa alifu. Hapana aliyesema kwamba khati ilikufa siku ilipotiwa hesabu. Basi hesabu ya Bézier nayo isilaumiwe kwa makosa ya wavivu.

Kosa liko katika matumizi. Michoro mingi ya mtindo huo hupatikana hivi: hutwaliwa picha iliyopigwa na mtu mwingine, huwekwa chini, programu huamrishwa iifuatishe yenyewe, kisha huamrishwa irahisishe. Programu hutii. Hufuta nukta moja baada ya nyingine kwa kufuata hesabu, bila ya kujua ni nukta ipi iliyobeba maana na ipi iliyobeba kivuli tu. Kinachobaki huwa laini kwa kuwa kimesuguliwa, kama jiwe la ufukweni, na kama jiwe la ufukweni hakina sura ya mtu yeyote.

Mstari mmoja wa kweli hutafutwa kwa njia nyingine. Na uchukuliwe ng'ombe kuwa mfano. Mchoraji anayemjua huanza kwa kujiuliza mstari utaanzia wapi na uishie wapi, maana miisho miwili hiyo ndiyo mahali pekee ambapo jicho litapumzika. Akianzia puani, hupanda kipaji na pembe, hushuka kisogoni, hupanda nundu, hunyooka mgongoni, huteremka mkiani. Kisha ni miguu minne na mstari mmoja. Basi ni lazima aamue miguu ipi itaonekana na ipi itamezwa na mwendo. Jicho limo ndani ya kichwa, na mstari hauna ruhusa ya kuinuka. Ama atapitisha kitanzi kilifikie, ama ataliacha na kuuachia mwinamo wa kichwa useme kwamba mnyama huyu anatazama. Nukta huwekwa pale tu umbo linapogeuka kwelikweli: kilele cha nundu, goti, ncha ya pembe. Anayeweka nukta hamsini palipotosha kumi hupata mstari unaotetemeka, na aliyezoea kusoma mashairi atautambua mtetemeko huo mara moja. Ni sawa na mshororo uliojazwa maneno ya kuziba mizani.

Programu ina hatari yake moja ambayo karatasi haina, nayo ni amri ya kutengua. Fundi wa piko aliyeushika mkono wa bibi harusi hana amri hiyo. Kiwiko chake kikiteleza, kosa litakwenda harusini. Hofu hiyo ndiyo iliyomfunza kuona mstari wote kabla ya kuugusa mkono. Mwenye kompyuta hujaribu mara mia, na aghalabu husimama pale alipochoka akidhani kuwa amefika. Asiye na hofu ya kukosea hana budi kujiwekea mwenyewe sharti badala yake.

Hayo yote yangekuwa ugomvi wa mafundi peke yao kama yasingehusu watu walio mbali na mikahawa ya mjini. Msomaji wa visiwani na alitazame jina la Kintinku. Aghalabu hulijua, akilijua, kama jina la stesheni iliyopitwa usiku. Ni mji mdogo wa Wilaya ya Manyoni, mkoani Singida, kwenye Reli ya Kati na kwenye barabara itokayo Dodoma. Umekaa katika tambarare ya Bonde la Ufa, na upande wa magharibi ukuta wa bonde umesimama ukiwa ndio mwisho wa upeo. Ni nchi ya ng'ombe na mibuyu. Nyumba yake ya asili ni tembe ya Wagogo: kuta za miti na udongo, na dari bapa la udongo lililonyooka mfano wa rula.

Sasa adhaniwe kijana wa hapo aliyefungua kibanda cha kuchapia na kutengeneza vibao. Mwenye bucha amemwomba mchoro wa ng'ombe, mchache, wa kisasa, wa mstari mmoja. Kijana huyo akitafuta michoro iliyo tayari katika intaneti, ng'ombe anayemjia mara nyingi ni wa Ulaya, mwenye mgongo bapa na kiwele kikubwa, asiye na nundu. Akitafuta nyumba ya kijijini, humjia msonge wenye paa la nyasi lililochongoka. Akiandika Afrika, humjia mgunga mmoja, jua la duara na twiga. Ataibandika michoro hiyo ukutani, mita chache kutoka kwa ng'ombe wenye nundu na mibuyu iliyopukutika, na hapana atakayemuuliza. Watoto watakaokua wakikitazama kibao hicho watajifunza kwamba kitu kinachochorwa ni kile cha kwingine, na kwamba cha kwao ni cha kuishi nacho tu.

Hapo ndipo neno uchache linapogeuka uongo. Aliyeondoa nundu kwa kuwa hakuwahi kuiona hakuacha kitu, alikosa. Kwa ng'ombe wa Kintinku nundu ndiyo nukta ambayo mstari wote umeegemea, na kwa tembe ni ule unyoofu wa dari. Mchoraji anaweza kuacha kwato, macho, hata miguu miwili, na ng'ombe akabaki. Akiacha nundu, amemchora ng'ombe wa mtu mwingine. Hakuna programu itakayomwambia hivyo. Atakayemwambia ni mfugaji, iwapo ataulizwa.

Atatokea wa kusema kwamba bara halina urithi wa mstari, na kwamba kijana wa Kintinku hana budi kuazima. Huyo na apelekwe Kolo, wilayani Kondoa, kaskazini mwa Dodoma. Katika miamba ya huko mna zaidi ya mapango 150 yenye michoro, na mwaka 2006 eneo hilo liliandikwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia. Watafiti huihusisha michoro myekundu ya huko na mababu wa Wasandawe na Wahadzabe. Mary Leakey alikwenda kuinakili mwaka 1951 na kuichapisha katika kitabu chake cha mwaka 1983. Humo mna watu waliorefushwa, viwiliwili na nywele zao vikijengwa kwa mistari myembamba iliyopangana, na wanyama wanaotambulikana kwa mwinamo wa mgongo peke yake. Waliochora walimjua mnyama kwa njaa na kwa kumfuata, na wakajua ni mstari upi usioweza kuachwa. Uchache wao haukutoka Ulaya. Picasso, aliyechora wanyama kwa mstari mmoja na kusifiwa kwa haki, alikuja nyuma yao kwa karne nyingi.

Atatokea na wa pili, naye huyu ni wa mwambao, mwenye kudhani kwamba ustadi wa kupima ni mali ya pwani na kwamba bara limepewa ngoma. Yamtosha jina moja. Mathias Mnyampala, aliyezaliwa Ugogo mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969, aliandika historia na desturi za Wagogo, kisha akatoa diwani yake iliyoshika vina na mizani, na ndiye aliyezipa ngonjera umbo linalofahamika hadi leo. Hakuwa mtoto wa pwani, na alipima. Wala wale walioivunja mizani baada yake, kama Euphrase Kezilahabi katika Kichomi mwaka 1974, hawakuwa watu wasiojua kuhesabu. Ugomvi wa miaka ile ulikuwa mkali, lakini pande zote mbili zilikubaliana juu ya jambo moja: mwenye kuacha sheria sharti aijue anayoiacha. Sanaa ya mstari mmoja imeingia bila ya kuulizwa swali hilo.

Wa tatu atasema soko linataka nyuso zilizofumba macho, na fundi hula kwa soko. Jibu lake limekwisha kuletwa na wakati. Leo mitambo ya akili unde hutoa uso wa namna hiyo kwa sekunde chache, mia kwa mpigo, kwa yeyote atakayeandika sentensi moja. Bidhaa iliyokuwa rahisi imekuwa bure, na anayeitegemea kwa chakula chake atalala na njaa. Mitambo hiyo imelishwa picha zilizojaa duniani, na picha zilizojaa duniani ni zile zile za ng'ombe asiye na nundu. Kilichobaki na thamani ni mstari wa mtu aliyekwenda zizini akatazama. Kwa mara moja, basi, uchumi na sanaa vinamwamuru kijana wa Kintinku jambo lile lile.

Hapo kwao, tena, upo mfano wa kumfunza bila ya mwalimu. Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ni njia moja. Inaposhuka kutoka Dodoma na kuvuka tambarare hiyo, hunyooka palipo na haja ya kunyooka. Ikipita Saranda hukutana na ukuta wa bonde, na hapo huanza kujipinda ili ipande kwenda Manyoni. Hapana kona hata moja iliyowekwa kwa urembo. Ardhi ndiyo iliyodai kila mpindo, na fundi aliyeipima ardhi akautoa. Hayo ndiyo masharti yote ya mchoro wa mstari mmoja, na yameandikwa kwa chuma mbele ya macho ya kila mpita njia.

Wachapishaji wa visiwani nao wasijidhani kuwa wamesalimika. Diwani inayotoka Unguja au Pemba ikiwa na uso wa popote juu ya jalada imekana kurasa zake kabla ya kufunguliwa. Mhariri anayerudisha shairi kwa silabi moja iliyozidi na aurudishe pia mchoro ambao nundu yake imepungua. Wachoraji wapo, na vyombo vinapatikana bila ya malipo. Kinachokosekana ni mhariri wa kumwambia mchoraji kwamba mstari huu haujui unakokwenda, na amrejeshe akatazame.