Vitabu vya kusoma kabla mzigo haujafika mpakani

Orodha za vitabu kuhusu akili mnemba (wengine husema akili unde, na maana ni ile ile), kazi na afya huandaliwa kwa ajili ya watu wa ofisini. Mama anayevusha mchele Namanga au kijana mwenye magunia ya maharage Mutukula hahesabiwi miongoni mwa wasomaji. Hapo wapangaji wa orodha hizo wanakosea. Mtu wa ofisini akidanganywa na mashine, hurekebisha karatasi yake kesho. Mfanyabiashara akidanganywa, mzigo unazuiliwa, lori linalala, na vitunguu vinaanza kuota huku gharama zikipanda.

Kwa hiyo kitabu cha kutangulia ni cha Ethan Mollick, Co-Intelligence, kilichotoka mwaka 2024. Mollick anafundisha katika chuo cha biashara cha Wharton, Marekani, na haandiki kwa kutisha wala kwa kusifu. Sehemu yenye faida kubwa ni pale anapoeleza jaribio ambalo yeye na wenzake walilifanya kwa washauri 758 wa kampuni ya Boston Consulting Group. Katika kazi ambazo mashine inaziweza, waliopewa akili mnemba walimaliza kazi nyingi zaidi kwa asilimia 12 na kwa kasi iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 25. Kisha wakapewa swali lililotungwa makusudi liwe nje ya uwezo wa mashine. Hapo waliokuwa nayo ndio walioshindwa zaidi: uwezekano wao wa kupata jibu sahihi ulishuka kwa pointi 19 za asilimia. Walikuwa watu waliosoma sana, lakini waliliamini jibu kwa sababu lilikuwa limeandikwa vizuri.

Jambo hilo linagusa mpaka moja kwa moja. Kuanzia mwaka 2005, ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa bidhaa zinazotoka nje ya jumuiya ulikuwa na viwango vitatu, cha juu kikiwa asilimia 25, ukiacha bidhaa chache nyeti zilizotozwa zaidi. Tarehe 1 Julai 2022 kikaongezwa kiwango cha nne, asilimia 35, kikagusa nguo, samani na bidhaa nyingine nyingi. Juu ya hapo, kila mwaka wa bajeti nchi moja moja huomba kutoza tofauti na wenzake kwa bidhaa fulani. Programu iliyojifunza kutokana na maandishi ya miaka 17 ya asilimia 25 inaweza kabisa kumjibu mwuza vitambaa kwa kiwango cha zamani, bila kusita, tena kwa Kiswahili chenye adabu.

Mollick hashauri kuikimbia. Anasema mtu aiite mezani katika kila kazi ili aijue tabia yake, ila yeye mwenyewe abaki kuwa mwamuzi wa mwisho. Kwa mfanyabiashara maana yake ni hii: imwandikie barua ya Kifaransa kwa mteja wa Goma au Bujumbura, impangie hesabu ya nauli na faida, imfupishie mkataba wa kurasa 20. Kiwango cha ushuru aulize forodha. Vivyo hivyo utaratibu wa cheti kilichorahisishwa cha asili ya bidhaa, kwa mzigo wa ndani ya jumuiya usiozidi dola 2,000 za Marekani: hilo huulizwa dirishani, kwa mtu mwenye mhuri.

Hofu ya pili ni kazi. Mawakala wa forodha, makarani, hata madalali wa sokoni wanajiuliza watabaki na nini. James Bessen aliandika Learning by Doing mwaka 2015, kabla ya kelele za sasa, na pengine ndiyo maana kinasomeka kwa utulivu. Anaeleza mashine za kutolea fedha zilivyoingia katika benki za Marekani. Kati ya 1988 na 2004, tawi la kawaida la mjini lilipunguza makarani kutoka 20 hadi 13. Lakini kwa kuwa kuendesha tawi kulikuwa rahisi zaidi, benki zilifungua matawi mengine, na makarani kwa ujumla hawakutoweka. Kazi yao ndiyo iliyobadilika, wakawa watu wa kuongea na wateja.

Bessen pia haoneshi upande mtamu tu, na hapo ndipo anapostahili kuaminiwa. Katika viwanda vya nguo vya karne ya 19, mashine zilichukua karibu kazi yote ya kufuma yadi moja ya kitambaa, ajira za wafumaji zikaongezeka, lakini mishahara ilichukua miongo kadhaa kupanda kwa maana. Anayemwambia wakala wa Malaba asiwe na wasiwasi kabisa hajamsoma Bessen mpaka mwisho.

Kuhusu afya, kipo The Nature Fix cha mwandishi wa habari Florence Williams, cha mwaka 2017. Kuna sehemu zinazochosha, hasa za safari na vipimo vya ubongo. Lakini hoja yake ina msingi. Mwaka 1984 Roger Ulrich alilinganisha wagonjwa 46 waliopasuliwa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Waliolala karibu na dirisha linalotazama miti waliruhusiwa kurudi nyumbani mapema na walihitaji dawa kali za maumivu chache kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2019, uliohusisha watu karibu 20,000, ulikuta kwamba waliopata dakika 120 au zaidi kwa wiki mahali penye uoto walieleza kuwa na afya njema zaidi, hata kama dakika hizo ziligawanywa vipande vipande.

Mtu atasema mfanyabiashara hushinda nje mchana kutwa. Ni kweli, lakini nje ya wapi? Foleni ya malori yanayonguruma, lami, vumbi na moshi wa dizeli si uoto. Vituo vya pamoja vya mpakani vilijengwa ili kupunguza muda wa kusubiri, na vimesaidia, ila wanaopanga maegesho huhesabu malori na kuwasahau waliomo ndani yake. Safu ya miembe na mabenchi chini yake vistahili kuwa katika michoro ya kila upanuzi, pamoja na vyoo na maji.

Mwenye nafasi ya kitabu kimoja tu achukue Unbowed cha Wangari Maathai, cha mwaka 2006. Ndani yake miti na riziki haviachani: wanawake wa vijijini Kenya walilipwa kiasi kidogo kwa miche iliyoshika, na kutokana na kazi hiyo wakapata sauti.

Vitabu hivi vyote viliandikwa kwa Kiingereza, na hicho ndicho kikwazo. Wachapishaji wa Nairobi na Dar es Salaam wanaotafsiri riwaya kwa ajili ya shule wangetazama pia soko hili, kwani wasomaji wake wana fedha mfukoni. Kabla ya hapo, chama cha wafanyabiashara chenye mfuko wa michango kinaweza kununua nakala moja ya Bessen na moja ya Mollick, kisha kikamlipa kijana aliyemaliza sekondari asome sura moja kila Jumapili mchana, soko likiwa limepoa, na kuieleza kwa Kiswahili. Mwenye swali la ushuru siku hiyo aje na risiti yake.