Tuvunje Boriti Shuleni

Natoa maoni yangu juu ya somo la Fizikia, hasa ile sura ya nguvu za vitu vigumu. Sura hiyo twaikariri vizuri sana. Kila mmoja wetu aweza kusema kuwa Robert Hooke, Mwingereza, alitangaza mwaka 1678 kwamba kitu kikivutwa hurefuka kwa kadiri ya nguvu inayokivuta. Tena kwamba kikipita kikomo chake hakirudi kilivyokuwa. Twaandika hayo kwa Kiingereza, twapata alama, twafunga daftari.

Likizo iliyopita mjomba wangu alikuwa akijenga nyumba huko kwetu Marangu, kwa fedha ya kahawa aliyoiweka miaka mingi. Nilikuwapo siku mafundi walipomwaga linta ya mlango mkubwa. Walijaza zege katika mbao hata karibu na ukingo, ndipo wakalaza nondo na kuzifunika kidogo tu. Mimi nilikuwa nikiwapelekea maji. Muhula ule ule nilikuwa nimejibu sawasawa katika mtihani kwamba boriti ikibebeshwa mzigo, upande wa juu hubanwa na upande wa chini huvutwa. Nilijua pia kwamba zege hustahimili sana kubanwa, lakini likivutwa nguvu yake ni kama sehemu moja ya kumi. Ndiyo sababu nondo za linta hukaa upande wa chini. Nilijua, wala sikusema neno. (Sisemi kwamba wangenisikiliza, mtoto wa shule mwenye ndoo hasikilizwi upesi.) Haikunijia hata kidogo kwamba boriti ya daftari na linta ya mjomba ni kitu kimoja. Mbao zilipoondolewa na matofali kupandishwa, ufa ulianza chini, katikati kabisa. Linta ikabomolewa, mjomba akanunua saruji mara ya pili.

Mwenye kihamba akiona mgomba umeelemewa na mkungu, huutegemeza kwa mti wenye panda kabla haujakatika. Wahunzi wa Mamba nao wajua kwa mikono yao kwamba chuma cha pua kikizimwa ghafula majini huwa kigumu lakini rahisi kuvunjika, mpaka kipashwe moto tena kidogo. Mimi mwenye alama nzuri sikuona kitu.

Basi maoni yangu ni haya: tuvunje vitu shuleni. Nitaambiwa mtihani u karibu na vyombo havitoshi. Vyombo gani? Saruji kidogo, mchanga, waya mnene wa uzio na debe. Tumwage boriti ndogo tatu, kila moja urefu wa sentimita 50 na unene wa sentimita 3: ya kwanza bila waya, ya pili waya juu, ya tatu waya chini. Tuziweke na unyevu siku 28, kisha tuzilaze juu ya matofali mawili, tutundike debe katikati na kumimina maji lita kwa lita. Lita moja ya maji ni kilo moja, hata mizani haihitajiki. Nadhani ya tatu itashinda debe zima. Hapo tutaongeza mawe.

Nimemwomba mjomba kipande cha linta ile, naye amekubali. Muhula ujao nitakileta maabara; alama ya ufa bado yaonekana.