TAA YA NDANI YA GARI NA MSHAHARA WA DEREVA



Mara kwa mara twaletewa shauri la namna hii. Dereva alaza basi dogo uwanjani Jumamosi saa kumi jioni. Jumatatu saa kumi alfajiri gari halinguruma, betri imekufa, na taa ya ndani yamulika kama kibatari kilichokwisha mafuta. Msimamizi asema, "Wewe uliiacha taa." Bei ya betri yakatwa katika mshahara, na hakuna aliyefungua hata skrubu moja kutazama.

Sisi twasema hiyo si haki, wala si ufundi. Na ili asiwepo wa kudhani kwamba twatetea uzembe, twaeleza jambo lenyewe.

Kwanza hesabu. Globu ya taa ya ndani mara nyingi ni ya wati 5 au 10. Katika gari la volti 12, globu mbili za wati 10 hula karibu ampea 1.7. Toka Jumamosi ile hata Jumatatu ni muda wa saa 36, yaani jumla ya ampea-saa 60 hivi. Betri nyingi za magari madogo hazina zaidi ya hapo. Basi ni kweli, taa yaweza kuua betri. Lakini nani aliyeiwasha?

Katika magari mengi ya kawaida, waya wa moto hutoka kwenye betri, hupita katika fyuzi, hufika kwenye taa. Kutoka hapo waya wa pili hushuka hadi swichi ndogo ya kifungo penye fremu ya mlango. Mlango ukifunguliwa, kifungo hujitokeza, waya huungana na bodi ya gari, na taa huwaka. Mlango ukifungwa, kifungo hurudi ndani, na taa huzimika.

Sasa fikirini. Kifungo kikishika kutu kikakwama nje, au bawaba zikilegea mlango usikisukume vizuri, au waya ule ukichubuka ukagusa bodi, taa itawaka usiku kucha na milango yote imefungwa. Fyuzi haitakatika, kwa sababu umeme unapita katika globu kama kawaida. Na saa kumi jioni jua lingali kali. Nani ataiona taa ndogo hiyo? Kikulacho ki nguoni mwako.

Kulitafuta kosa hili si kazi ya siku nzima. Taa ikikataa kuzimika, fundi abonyeze kila kifungo kwa kidole. Ikizimika, kifungo ni kizima; mlango ndio haukifikii. Isipozimika, achomoe waya wa kila swichi mmoja mmoja. Ikizimika alipochomoa mmoja, swichi hiyo ndiyo mbovu. Akichomoa zote na taa ingali yawaka, waya umegusa bodi mahali fulani.

Ikiwa taa haiwaki kabisa, aiwashe kwa swichi iliyo kwenye taa yenyewe. Ikiwaka hapo, globu na fyuzi ni nzima. Atafute upande wa milango. Isipowaka, atazame globu, kisha fyuzi. Fyuzi iliyokatika isibadilishwe kwa kubwa zaidi, wala isifungwe kipande cha waya. Hiyo ndiyo njia ya kuchoma gari pamoja na abiria.

Magari ya siku hizi yana kompyuta, na swichi nyingine zimefichwa ndani ya kitasa. Hapo fundi aweke kipimo cha ampea kwenye waya wa hasi wa betri, angoje gari litulie, kisha asome. Katika magari mengi kisichozidi miliampea 50 si neno. Kikizidi sana, kuna kitu kinachokula betri, naye atoe fyuzi moja moja mpaka akione.

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yampa mwajiri ruhusa ya kukata kiasi cha haki kwa hasara iliyotokana na kosa la kusudi la mfanya kazi. Je, kutu ya kifungo ni kusudi la dereva? Mlango uliolegea kwa barabara mbovu ni kusudi lake? Mwajiri asiyepima hawezi kujua, na asiyejua hana haki ya kukata.

Kwa hiyo twataka mambo mawili. La kwanza, mshahara usiguswe kabla fundi hajapima na kuandika alichokiona, na dereva akasomewa. La pili, kila gereji iwe na taa ya kujaribia na kipimo cha umeme. Gharama yake ni ndogo kuliko betri moja.

Lakini nasi tujikosoe. Wako wenzetu waonao taa ya mlango ikichezacheza wiki nzima wasiseme neno. Ndugu dereva, ndugu kondakta, andika katika kitabu cha gari siku ile ile, utie na tarehe. Maneno ya mdomo husahauliwa. Karatasi ndiyo itakayokutetea mbele ya msimamizi. Na kabla ya kuondoka uwanjani, funga milango, kisha utie kiganja juu ya kioo cha taa utazame kama kuna mwanga.

Pima kwanza, ndipo uhukumu.