Mjamzito Hahitaji Vitisho, Anahitaji Maelezo

Mwanamke mjamzito wa Kigali akisema anaumwa, hujibiwa kwa mojawapo ya kauli mbili. Ya kwanza ni "vumilia". Ya pili ni "meza hiki". Ya kwanza hutoka kwa shangazi na majirani, na siku hizi hata kwa rais wa nchi ya mbali. Ya pili hutoka kwa mume, kwa rafiki, au kwa muuzaji wa duka la dawa mwenye foleni ya wateja mbele yake. Watu hudhani kauli hizi zinapingana. Mimi nadai ni ndugu wa tumbo moja, kwa kuwa zote mbili zinamnyima mama maelezo. Nadai pia kwamba sisi tunaosoma Kiswahili tuna kazi ya kufanya hapo, tena si ndogo.

Nianze na wale wa "vumilia". Tarehe 22 Septemba 2025, Rais Donald Trump wa Marekani alisimama mbele ya waandishi wa habari akaihusisha parasetamoli wakati wa ujauzito na usonji wa watoto, akawataka wajawazito waiepuke na wavumilie. Siku mbili baadaye Shirika la Afya Duniani lilijibu kwamba hakuna ushahidi wa kuthibitisha uhusiano huo. Jibu hilo lilikuwa na msingi. Mwaka 2024 ulichapishwa utafiti wa Sweden uliohusu watoto karibu milioni 2.5 waliozaliwa kati ya 1995 na 2019. Ulipowalinganisha watoto wote kwa jumla, ulionekana uhusiano mdogo. Watafiti walipowalinganisha ndugu wa mama mmoja, mmoja ambaye mama yake alitumia dawa hiyo akiwa na mimba yake na mwingine ambaye hakuitumia, uhusiano ule ulitoweka. Maana yake ni kwamba tofauti iliyoonekana mwanzo ilitokana na mambo mengine ya familia, kama vile urithi au ugonjwa uliomfanya mama atafute dawa.

Lakini habari ya kutisha hukimbia kuliko jibu lake. Katika basi la kwenda Nyabugogo nimewasikia watu wakiijadili parasetamoli kama sumu, na sijamsikia hata mmoja akiutaja utafiti wa Sweden. Hasara ya hofu hiyo ni kubwa. Homa kali katika wiki za mwanzo za mimba ina hatari zake kwa mtoto, ikiwemo kasoro za ubongo na uti wa mgongo. Na katika nchi yetu homa huenda ni malaria, ambayo haingoji mtu avumilie. Mjamzito mwenye homa anahitaji mambo mawili kwa pamoja: kushusha joto na kupimwa damu. Anayemwambia avumilie anamnyima yote mawili. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema anayevumilia maradhi hupewa nishani.

Sasa nije kwa wale wa "meza hiki", maana hawa nao hawana nafuu. Kosa lao ni kuziona dawa zote za maumivu kuwa kitu kimoja, kwa sababu zote hutuliza kichwa na mgongo. Ibuprofeni, diklofenaki na naproksini hufanya kazi kwa kupunguza kemikali za mwili ziitwazo prostaglandini, ambazo huleta maumivu na uvimbe. Kwa mtu asiye na mimba, mambo yanaweza kuishia hapo. Kwa mjamzito, kemikali hizohizo zina kazi nyingine ndani ya mtoto. Mtoto aliye tumboni hapumui kwa mapafu, hivyo kuna mshipa karibu na moyo wake unaoipitisha damu kando ya mapafu. Prostaglandini ndizo zinazouweka mshipa huo wazi. Zikipunguzwa miezi ya mwisho, mshipa unaweza kujifunga kabla ya wakati. Kemikali hizo pia husaidia figo za mtoto, na kuanzia takriban nusu ya mimba, sehemu kubwa ya maji yanayomzunguka mtoto hutoka katika figo hizo. Figo zikilemewa, maji hupungua.

Ndiyo maana Oktoba 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba dawa za kundi hili ziepukwe kuanzia wiki ya 20 ya mimba, isipokuwa daktari ameona haja. Kabla ya hapo onyo lilihusu wiki ya 30 na kuendelea. Tofauti hiyo ni ya wiki kumi. Basi anayemshauri mjamzito leo kwa alichokisikia kliniki miaka kumi iliyopita anaweza kumpotosha kwa nia njema kabisa.

Zipo pia dawa kali zaidi zinazotolewa kwa cheti cha daktari, kama tramadoli na kodeini. Zikitumiwa kwa muda mrefu katika ujauzito, mtoto anaweza kuzaliwa mwili wake ukiwa umeizoea dawa: hulia bila kutulia, hutetemeka, na hunyonya kwa shida. Hata baada ya kujifungua hatari haijaisha. Aprili 2017 mamlaka hiyohiyo ilionya kwamba mama anayenyonyesha asitumie dawa hizi mbili, kwa kuwa miili ya baadhi ya wanawake huzigeuza haraka mno, na maziwa yakampa mtoto kiasi cha kumzuia kupumua vizuri. Na bado aliyekwisha kuzizoea asiziache ghafla peke yake. Kuacha nako kunahitaji daktari.

Wapo wanaodhani cheti cha daktari kinamaliza mjadala. Hakimalizi. Cheti huandikwa kwa jina la mtu mmoja, kwa siku moja, kwa hali moja. Vidonge vilivyobaki kabatini tangu mwaka jana viliandikiwa mwili usiokuwa na mimba. Na vilivyoandikiwa mgongo wa baba havimjui mama.

Ugumu unazidi kwa sababu kanuni ina upande wa pili. Aspirini ni ya ukoo uleule wa dawa nilizozitaja, lakini Shirika la Afya Duniani linapendekeza dozi ndogo, miligramu 75 kwa siku, kwa wanawake walio katika hatari kubwa ya shinikizo la damu la ujauzito linaloweza kuleta kifafa cha mimba, na ianzwe kabla ya wiki ya 20. Mwanamke aliyeambiwa tu kwamba "aspirini ni mbaya kwa mimba" anaweza kuitupa dawa aliyopewa ili imwokoe. Hapa kitisho kinaua kama uzembe unavyoua.

Basi maelezo haya yako wapi? Yamo ndani ya pakiti, katika karatasi iliyokunjwa mara nane, kwa maandishi madogo. Karatasi za dawa zilizowahi kupita mikononi mwangu zilikuwa za Kiingereza au Kifaransa. Na mara nyingi mnunuzi hapewi hata hiyo karatasi, kwa sababu vidonge hukatwa na kuuzwa kwa bahasha.

Nitapingwa kwamba mfamasia yupo, na kazi yake ni kueleza. Ni kweli, na mfamasia mzuri ni hazina. Lakini maneno ya mdomo yanaishia mlangoni, na anayetumwa kununua dawa mara nyingi si yeye atakayeimeza. Nitapingwa pia kwamba karibu kila Mnyarwanda anajua Kinyarwanda, hivyo Kiswahili cha nini? Nakubali bila kinyongo: Kinyarwanda kitangulie. Ila Kigali si ya wenye lugha moja. Pita Nyamirambo na Biryogo, wasikilize wafanyabiashara na wakimbizi kutoka mashariki ya Kongo, kisha uniambie Kiswahili hakina mgonjwa hapa. Isitoshe, dawa huvuka mipaka. Onyo moja lililoandikwa kwa Kiswahili sanifu lingesomeka Bujumbura, Goma, Kigoma na Mombasa bila kubadilishwa herufi.

Vyombo vya kulifanya hili tunavyo. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Rwanda iliundwa kwa sheria ya mwaka 2018, na Desemba 2024 Shirika la Afya Duniani liliitambua kuwa imefikia ngazi ya tatu ya ubora wa udhibiti. Mamlaka yenye hadhi hiyo inaweza kudai sentensi mbili juu ya kila pakiti na kila bahasha: "Je, una mimba? Usimeze kabla ya kumwuliza mfamasia au daktari." Kila mudugudu una washauri wa afya wanaojua nani ni mjamzito. Wapewe ukurasa mmoja wa maelezo haya, wa Kinyarwanda na wa Kiswahili.

Nani atauandika ukurasa huo? Hapa ndipo ninapowageukia wenzangu na walimu wangu. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, na kila tarehe 7 Julai tunakisherehekea kwa mashairi na hotuba. Vizuri. Lakini lugha rasmi isiyoweza kumwambia mama kwamba diklofenaki inaweza kupunguza maji ya mtoto wake ni rasmi kwenye gazeti la serikali tu. Tunatunga tasnifu juu ya methali. Hata karatasi ya dawa ni matini, nayo ina msomaji mwenye haraka kuliko wote. Napendekeza kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa tafsiri akabidhiwe karatasi moja ya dawa, aitafsiri, mfamasia aihakiki, na mama wa kawaida aisome kwa sauti. Asipoelewa, mwanafunzi hajafaulu.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na hakuna tafsiri itakayoubeba kwa niaba yake. Lakini kujua anachokimeza ni haki yake, na haki hiyo haitimii katika lugha asiyoisoma.